Faiba Haijaondoa Haja ya Akiba

Kuna kauli inayosikika siku hizi karibu kila wanapokutana mafundi wa kompyuta: kwamba zama za kutunza vifurushi vya programu ndani ya ofisi zimepita. Intaneti ilipokuwa ya setilaiti, ghali na ya kusuasua, wanasema, ilikuwa halali kuweka seva moja ipakue programu kwa niaba ya kompyuta zote kisha izigawie kupitia mtandao wa ndani. Lakini nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika pwani yetu mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, mikongo ya taifa ikatandazwa hadi mikoani, na leo faiba inaingia mpaka kwenye nyumba za kupanga. Basi kila kompyuta na ijitegemee: iende yenyewe kwenye chanzo, ichukue inachohitaji, isimsumbue mtu. Akiba ya pamoja, ambayo mafundi huiita kache, imebaki kuwa kumbukumbu ya enzi za dhiki. Kauli hii inavutia kwa sababu nusu yake ni kweli. Intaneti imeongezeka kasi na bei imeshuka. Inapokosea ni pale inapodhani kwamba akiba ya pamoja ilikuwepo kwa ajili ya kasi na bei tu. Makala haya yanashikilia kwamba kazi yake kuu ni kuhakikisha kompyuta zote za mahali pamoja zinapata masasisho yaleyale na kwa wakati, hata siku ambayo laini imeelemewa au imekatika. Kwa kipimo hicho, haja yake haijapungua hata kidogo.

Tuanze na kinachotokea hasa ndani ya mashine. Chukua mfano wa maabara ya chuo yenye kompyuta 40 zinazotumia Ubuntu au Debian. Kila moja ina programu ya apt, ambayo husoma orodha ya vifurushi kutoka seva ya mbali, hulinganisha matoleo, kisha hupakua mafaili ya .deb yaliyobadilika na kuyaweka katika saraka ya /var/cache/apt/archives. Kompyuta 40 zenye programu zilezile zitahitaji mafaili yaleyale, yanayofanana baiti kwa baiti. Tena tangu toleo la 1.2, amri ya apt ikimaliza kusakinisha huyafuta mafaili hayo ili kuokoa nafasi ya diski. Kwa hiyo kompyuta ya kwanza hulitupa faili ambalo kompyuta ya pili, iliyo kwenye meza ya pembeni, bado inalingoja kutoka mbali. Tukadirie kwamba masasisho ya mwezi ni megabaiti 500 kwa kila kompyuta. Makadirio hayo hayana chumvi, maana kifurushi kimoja tu cha Ubuntu, linux-firmware, hufikia mamia ya megabaiti. Bila akiba, maabara itavuta gigabaiti 20. Ikiwa na akiba, itavuta nusu gigabaiti. Kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde, gigabaiti 20 huchukua zaidi ya saa nne, ilhali megabaiti 500 huchukua chini ya dakika saba.

Mtetezi wa faiba atajibu upesi: ongeza laini iwe megabiti 100, na zile saa nne zinakuwa dakika 27. Hesabu ni sahihi, ila imefanywa juu ya laini tupu, na saa za kazi hakuna laini tupu. Ubuntu hupanga usakinishaji wa masasisho ya usalama ufanyike wenyewe kuanzia saa 12 asubuhi, pamoja na muda wa kusubiri wa kubahatisha hadi saa nzima ili mashine zisivamie seva kwa pamoja. Mpango huo unazifaa seva zinazokesha. Kompyuta za maabara na za ofisi huzimwa jioni, na kazi iliyopitwa na wakati hufidiwa zikishawashwa, yaani wanafunzi wakiwa wameshakaa, mhasibu ameshafungua mfumo wake, na mkutano wa video umeshaanza. Hapo kompyuta 40 huanza kugombania njia moja na kazi za watu. Mtumiaji haoni masasisho; anaona mtandao mzito. Analalamika, na fundi, ambaye hana muda wa kubishana, hufanya lile linalonyamazisha malalamiko haraka kuliko yote: anazima masasisho. Hiyo ndiyo gharama ambayo haionekani kwenye ankara ya intaneti, nayo ni kubwa kuliko ankara yenyewe.

Ukubwa wake ulionekana mwaka 2017. Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu la MS17-010 tarehe 14 Machi. Kirusi cha WannaCry, kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia, kilianza kusambaa tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye. Kiliziangusha kompyuta ambazo dawa yake ilikuwepo tayari na hazikuwa zimeinywa, zikiwemo za hospitali za umma nchini Uingereza. Na kwa kuwa kiliruka chenyewe kutoka mashine hadi mashine ndani ya mtandao mmoja, kompyuta moja iliyoachwa nyuma ilitosha kuhatarisha jirani zake wote. Mchuma janga hula na wa kwao. Mtandao wa ndani wa namna hiyo hauwezi kujivunia kwamba kompyuta 35 kati ya 40 zimesasishwa. Unahitaji zote. Chochote kinachofanya sasisho la kompyuta ya 40 liwe jepesi kama la kwanza ni chombo cha usalama, na hicho ndicho akiba ya pamoja inachokifanya: baada ya kompyuta ya kwanza kupakua, zilizobaki hupata faili kwa kasi ya swichi iliyo chumbani, na laini ya nje huachiwa watu wafanye kazi zao.

Kama akiba ingekuwa kweli dawa ya wenye intaneti duni, tungetarajia wenye intaneti bora waiache. Wamefanya kinyume. Microsoft, yenye seva duniani kote, ilitoa Windows 10 mwaka 2015 ikiwa na utaratibu wa kompyuta za mtandao mmoja kupeana vipande vya masasisho badala ya kila moja kuyafuata nje. Apple iliingiza huduma ya kutunza masasisho na programu ndani ya macOS yenyewe mwaka 2017, ili Mac moja ya ofisini iwahudumie wenzake na simu za iPhone zilizo karibu. Mwaka 2023 Steam, duka la michezo ya kompyuta lenye wateja wengi katika nchi za faiba ya kasi, liliruhusu kompyuta moja kunakili mchezo kutoka kwa nyingine iliyo kwenye mtandao wa nyumbani. Kampuni hizi haziwezi kushukiwa kuwa na bando dogo. Zimeona tu kwamba faili ambalo tayari limo ndani ya jengo halina sababu ya kuletwa tena kutoka nje ya jengo.

Hapa huja jibu lingine: seva za nakala na mitandao ya usambazaji zimetusogelea, kwa hiyo faili halitoki Ulaya tena. Afrika Mashariki inaijua vizuri thamani ya kusogeza vitu karibu, kwa kuwa iliipigania. Kituo cha kubadilishana trafiki cha Kenya, KIXP, kilianza mwishoni mwa mwaka 2000 ili barua pepe ya kutoka Nairobi kwenda Nairobi isizunguke ng'ambo kwanza. Telkom Kenya ilidai kwamba kinavunja ukiritimba wake, mdhibiti akakifunga, na hakikufunguliwa tena hadi mwaka 2002. Hoja iliyoshinda wakati ule ilikuwa kwamba trafiki ya nyumbani ibaki nyumbani. Wanaoitumia hoja hiyo leo kupinga akiba ya ofisini wanaikatiza njiani. Seva ya nakala ikiwa Nairobi au Dar es Salaam, faili bado linapita kwenye laini ya ofisi mara 40, na laini hiyo ndiyo sehemu nyembamba ya safari nzima. Mantiki ya kubakiza trafiki karibu haiishii kwenye mpaka wa nchi. Inaendelea hadi kwenye mlango wa jengo.

Zaidi ya hayo, wanaoipima intaneti kwa kasi yake ya siku njema wanasahau kwamba mifumo hupimwa siku mbaya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini karibu na Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zikawa miongoni mwa nchi zilizobaki na intaneti ya kuchechemea. Miezi michache tu kabla, Februari, nyaya kadhaa za Bahari ya Shamu zilikuwa zimekatika pia. Katika siku za namna hiyo akiba ya pamoja haiwezi kuleta toleo jipya ambalo halijawahi kupakuliwa, na asiyekiri hilo anadanganya. Lakini kompyuta iliyoharibika diski inaweza kujengwa upya kutokana na vifurushi vilivyomo, na kompyuta iliyokuwa imezimwa inaweza kuwafikia wenzake, wakati jirani asiye na akiba amekaa akitazama asilimia isiyosogea.

Wala nyaya si kitu pekee kinachokatika. Machi 2016 mtunzi mmoja aliondoa kwenye hazina ya vifurushi ya npm kifurushi cha left-pad, chenye takribani mistari 11 tu ya msimbo, na miradi mingi duniani iliyokitegemea ikashindwa kujengwa mpaka kiliporudishwa. Novemba 2020 hazina ya Docker Hub ilipoanza kuweka kikomo cha upakuaji, asiyejisajili aliruhusiwa kuvuta mara 100 katika kila saa sita, na hesabu ilifanywa kwa anwani ya IP. Ofisi nzima iliyojificha nyuma ya ruta moja ilihesabiwa kuwa mtu mmoja, na kasi ya faiba haikuisaidia chochote. Waliokuwa na nakala zao ndani hawakutikisika sana katika visa hivyo viwili. Tofauti iliyowatenga na wengine haikuwa upana wa laini. Ilikuwa ni iwapo kitu ulichokwisha kukichukua jana kinabaki mkononi mwako leo.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama, na linastahili jibu kamili. Wapinzani wanasema: ukiweka seva katikati, umempa mdukuzi shabaha moja, akiiteka hiyo, atazilisha kompyuta zote programu zenye sumu. Heri kila kompyuta izungumze na chanzo yenyewe kwa HTTPS. Pingamizi hili linakosea kuhusu mahali imani ilipowekwa. Katika Debian na jamaa zake, imani haikuwekwa kwa mbebaji wa faili wala kwenye njia anayopita. Imewekwa kwenye saini. Faili la Release la hazina hutiwa saini kwa ufunguo wa siri wa wasimamizi wa hazina hiyo. Ndani yake mna alama za SHA256 za orodha za vifurushi. Na ndani ya orodha hizo mna alama ya SHA256 ya kila kifurushi. Kila kompyuta hukagua mnyororo huo yenyewe, kwa ufunguo wa wazi iliokuja nao iliposakinishwa. Debian iliingiza ukaguzi huu katika toleo lake la 4.0 mwaka 2007, na pacman ya Arch Linux ikapata ukaguzi wa saini katika toleo la 4 mwaka 2011. Seva ya akiba ikibadilisha biti moja tu ya kifurushi, alama hazitalingana na kompyuta itakikataa.

Kinyume chake, "kwenda kwenye chanzo moja kwa moja" mara nyingi ni kwenda kwa mgeni. Mwaka 2008 Justin Cappos na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona walikodi seva, wakabuni jina la msimamizi na la kampuni isiyokuwepo, na wakafanikiwa kuiorodhesha kama seva rasmi ya nakala kwa mifumo kadhaa mikubwa ya Linux. HTTPS ingemthibitishia mtumiaji kwamba anazungumza na seva hiyohiyo; isingemwambia kwamba mwenye seva si mwaminifu. Mpinzani makini atakumbusha udhaifu wa CVE-2019-3462, ambao Max Justicz aliufichua Januari 2019: mtu aliyekaa njiani aliweza kuidanganya apt ikubali faili lisilo halali inapoelekezwa kwenye anwani nyingine. Udhaifu huo ulikuwa wa kweli na wa hatari. Lakini seva ya nakala yenye nia mbaya nayo ingeweza kuutumia, HTTPS ikiwepo au isiwepo. Na kilichoufunga ni toleo jipya la apt, yaani sasisho, lililowafikia mapema wale ambao masasisho yao hayakuwa yamezimwa kwa sababu ya mtandao mzito. Somo la tukio hilo ni kwamba seva ya akiba ilindwe kama seva nyingine yoyote: isikilize mtandao wa ndani tu, isasishwe yenyewe kwanza, na ipangwe kuchukua vifurushi kwa HTTPS pale hazina inaporuhusu. Halisemi kwamba seva hiyo isiwepo.

Wengine huhofia uchakavu. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini programu, wanasema, huoza: akiba itawapa watu matoleo ya zamani yenye matundu. Hofu hii inachanganya vitu viwili ambavyo apt huvitenganisha. Kifurushi chenye namba fulani ya toleo hakibadiliki kamwe. Kikitoka kipya, kinapata namba mpya na jina jipya la faili. Kinachobadilika ni orodha, na programu za akiba zilizotengenezwa kwa kazi hii, kama apt-cacher-ng, huuliza kwanza kwenye chanzo kama orodha imebadilika kabla ya kuitoa. Kompyuta haipewi kifurushi cha zamani kwa sababu kipo. Inapewa kile ambacho orodha ya leo imekitaja. Tena hazina ya masasisho ya usalama ya Debian huandika tarehe ya mwisho ya uhalali ndani ya faili lake la Release, hivyo mtu anayejaribu kuganda na orodha ya mwezi uliopita atashtukiwa.

Ni kweli kwamba wapo waliojaribu akiba ya pamoja wakaungua vidole, lakini tukichunguza walichokifanya tutaona walichukua njia mbaya. Njia hiyo ni kuifanya saraka ya /var/cache/apt/archives iwe folda ya pamoja kupitia NFS au Samba, kisha kuziunganisha kompyuta zote humo. Apt huifunga saraka hiyo kwa kufuli inapofanya kazi, kwa hiyo mashine mbili hukwama zikigombania kufuli moja. Amri ya kusafisha ikitolewa kwenye kompyuta moja, hufuta akiba ya wote. Na kila mashine inayopewa ruhusa ya kuandika inapewa pia ruhusa ya kuharibu. Njia sahihi ni proksi: seva moja inayopokea maombi, yenye mamlaka ya pekee juu ya akiba yake, na kompyuta zisizoandika chochote humo. Apt-cacher-ng husikiliza kwenye poti 3142, na kila kompyuta huhitaji mstari mmoja tu wa mpangilio unaoitaja. Kuilaumu akiba kwa makosa ya folda ya pamoja ni kulihukumu jambo zima kwa utekelezaji wake mbovu kuliko wote.

Lipo pia suala la seva hiyo kuzimika na kuacha kila mtu bila masasisho. Apt ina jibu lake: inaweza kupewa skripti inayopima kama proksi inapatikana na, isipopatikana, ikaamuru kompyuta iende nje moja kwa moja. Debian ina kifurushi cha auto-apt-proxy kinachofanya hivyo bila mtu kuandika skripti mwenyewe, na humfaa pia mwenye kompyuta ya mkononi anayehama kati ya ofisi na nyumbani. Kwa hiyo akiba ikianguka, mtu anarudi palepale ambapo wapinzani wa akiba wanataka aishi kila siku. Hazina zinazokubali HTTPS pekee ni tatizo la kweli zaidi, kwa kuwa proksi haiwezi kutunza kisichosomeka. Hizo huhitaji kuelekezwa kwa namna ya pekee, na baadhi zitapita pembeni ya akiba. Lakini hazina kuu za Ubuntu na Debian, ambako uzito mwingi wa vifurushi umo, hupatikana kwa HTTP ya kawaida chini ya ulinzi wa saini zilizoelezwa hapo juu.

Mipaka ipo na isifichwe. Mtu mwenye kompyuta mbili nyumbani hatapata faida inayolingana na usumbufu. Ofisi ambayo kila mashine ina mfumo tofauti na programu tofauti itapata kidogo. Faida hukua kadiri kompyuta zinavyokuwa nyingi na zinavyofanana, na hiyo ndiyo sura ya maabara za shule, vyuo, benki, halmashauri na vituo vya huduma katika miji yetu. Gharama upande wa pili ni kompyuta ya zamani ambayo bado inawaka, diski yenye gigabaiti makumi kadhaa za wazi, na mchana mmoja wa fundi anayejua anachokifanya. Kwa kipimo cha bajeti ya maabara ya kompyuta 40, hicho ni kiasi kisichostahili hata mjadala.

Kwa hiyo mzigo wa hoja umekaa upande usio wake. Hadi sasa anayeweka akiba ya pamoja ndiye anayetakiwa kujitetea, kana kwamba anang'ang'ania mambo ya kale, na asiyeweka anahesabiwa kuwa wa kisasa bila kuulizwa swali. Inafaa iwe kinyume. Mkataba wa kufunga maabara unaotaja idadi ya kompyuta, aina ya swichi na kasi ya laini utaje pia jinsi masasisho yatakavyofika kwenye kompyuta ya mwisho, na anayependekeza kwamba faili moja liingie kwenye jengo mara 40 aandike sababu zake. "Tuna faiba" haitoshi kuwa sababu. Faiba inaeleza jinsi faili linavyoweza kuja haraka. Haielezi kwa nini lije tena wakati lilikwisha kufika.